Wilks alianza kama fundi wa jua kali

Wapo watu ambao kazi ya mikono yao inajulikana katika kila pembe ya nchi hii ilhali majina yao hayajulikani hata kidogo. Mkulima wa majani chai kule Manyatta, Embu, mkata miraa wa Maua, muuguzi wa Chogoria na askari wa wanyamapori wa Mbuga ya Meru, wote hao wamewahi kulipanda, kulisukuma au kulikwepa gari la Land Rover. Lakini ukiwauliza ni nani aliyelibuni, aghalabu utajibiwa kwamba ni Waingereza, kana kwamba Waingereza wote walikaa kitako siku moja wakaliunda kwa pamoja. Mtu huyo alikuwa na jina. Aliitwa Maurice Wilks, na leo nakusudia kuwasimulia walimu na wanafunzi maisha yake.

Ninayo sababu ya kumchagua. Vitabu tunavyofundishia hupenda kumwonyesha mvumbuzi kama mtu aliyeketi chini ya mti, fikira ikamshukia, akainuka akiwa bingwa. Mwanafunzi wa Runyenjes au wa Nkubu asomapo habari za namna hiyo hukata tamaa mapema, maana fikira haijamshukia, na vitu vilivyomzunguka ni vikuukuu vitupu: pikapu ya mjomba isiyowaka, mashine ya kumenya kahawa iliyokatika meno, ekseli ya trela iliyotupwa kando ya kinu cha mahindi. Hajui kwamba vitu vilivyomzunguka Wilks mwaka 1947 havikuwa bora sana kuliko hivyo.

Maurice Fernand Cary Wilks alizaliwa tarehe 19 Agosti 1904 katika Kisiwa cha Hayling, kusini mwa Uingereza. Hakuzaliwa katika ufukara, wala sitaki tumpambe kwa umaskini ambao hakuwa nao. Alisomeshwa Malvern, shule ya watoto wa wenye nacho. Kaka yake, Spencer, aliyemzidi umri kwa miaka 13, alisomea uanasheria, kisha akaoa binti wa William Hillman, mwenye kiwanda cha magari, na kwa mlango huo wa ndoa akaingia katika biashara ya magari. Maurice naye akafuata mlango uo huo. Mwaka 1922, akiwa kijana wa miaka 18, alianza kazi katika kiwanda cha Hillman. Mwaka 1926 alivuka bahari hadi Marekani, akafanya kazi kwa miaka miwili katika kampuni ya General Motors, huko ambako magari yalikuwa yakitoka kiwandani kwa maelfu kama mikate kutoka tanuri. Aliporudi kwao alikuwa amekwisha kuona jambo ambalo wengi wa wenzake hawakuwa wameliona: kwamba kutengeneza kitu kimoja kizuri ni kazi moja, na kutengeneza vitu elfu vinavyofanana ni kazi nyingine kabisa. Naomba msomaji aliweke neno hili moyoni, maana tutalirudia.

Mwaka 1930 alijiunga na kampuni ya Rover, ambako Spencer alikuwa amemtangulia, akawa mhandisi mkuu akiwa na umri wa miaka 26 hivi. Rover wakati huo ilikuwa hoi kwa madeni. Kampuni hiyo ilikuwa imeanza kwa baiskeli. Mwaka 1885, mjini Coventry, John Kemp Starley aliunda baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, akaiita Rover. Kila baiskeli inayopanda leo mlima wa Kianjokoma ikiwa na gunia la viazi nyuma ni kitukuu cha baiskeli ile. Ndugu hao wawili waliinyanyua Rover kwa njia ya unyamavu: magari machache, yaliyotengenezwa kwa uangalifu, yenye kupendwa na madaktari na mameneja wa benki. Spencer alishika hesabu, Maurice akashika vyuma. Miaka kumi ilipita hivyo, na lau si vita pengine Maurice angezeeka akiwa mhandisi wa magari ya mameneja wa benki, na mimi nisingekuwa na la kuandika.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, Rover ilipewa kazi ya siri: kutengeneza injini ya ndege ya jeti iliyobuniwa na Frank Whittle. Hapa pana doa ambalo waandishi wa sifa hulipitia mbio. Maurice na watu wake waliiona michoro ya Whittle kuwa na kasoro za utengenezaji, wakaanza kuibadilisha bila ya ridhaa yake, na wakati mwingine bila ya kumjulisha. Whittle akakasirika, naye alikuwa na haki ya kukasirika. Ni kweli kwamba muundo uliochorwa upande wa Rover ulikuja kuonekana kuwa mzuri, lakini uzuri wa kazi hauhalalishi kumficha mwenye wazo. Ugomvi ulikatwa mwanzoni mwa mwaka 1943 kwa kubadilishana kazi: kampuni ya Rolls-Royce ilichukua injini ya jeti, na Rover ikapewa injini ya vifaru. Ninalitaja jambo hili kwa sababu tabia ile ile ya kuchukua kitu cha mwingine, kukifumua na kukiunda upya, ndiyo iliyomletea Maurice sifa miaka minne baadaye. Ilimtia aibu kwanza, ikampa utukufu baadaye.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilishinda lakini ilikuwa imekauka. Chuma cha pua kiligawiwa kwa kipimo, na waliopewa ni wale walioweza kuuza bidhaa nje na kuleta fedha za kigeni. Kiwanda cha zamani cha Rover mjini Coventry kilikuwa kimeharibiwa na mabomu, na kampuni ikahamia Solihull katika jengo kubwa lililojengwa kwa ajili ya vita. Jengo lilikuwa kubwa, kazi ilikuwa ndogo. Magari ya mameneja wa benki hayakuwa na soko la kutosha ng'ambo.

Maurice alikuwa na shamba huko Newborough, katika kisiwa cha Anglesey, magharibi mwa nchi hiyo. Lilikuwa shamba la mchanga na matope, na kazi zake nyingi zilifanywa na gari moja kuukuu la Jeep lililonunuliwa katika mabaki ya jeshi la Marekani. Jeep yenyewe ilikuwa na historia ya haraka. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitaka gari dogo la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, na kampuni ndogo ya Bantam ilipewa siku 49 tu kuleta gari la kwanza. Ikaleta, kwa kutumia vipuri vingi vilivyokuwa tayari vinauzwa madukani. Kwa hiyo hata huyo mama yake Land Rover alizaliwa kwa viraka.

Jeep ya Maurice ilikuwa imechoka, na vipuri vyake havikupatikana kwa urahisi Uingereza. Hapo ndipo alipojiuliza atanunua gari gani ikifa, akaona kwamba halipo gari lingine la namna hiyo. Inasimuliwa kwamba wakati wa Pasaka ya mwaka 1947, ufukoni mwa ghuba ya Red Wharf katika kisiwa hicho hicho, alimchorea kaka yake mchangani umbo la gari alilolitaka. Mawimbi yaliufuta mchoro. Lakini wazo lilikuwa limekwisha kuingia kichwani mwa Spencer, na huyo ndiye aliyeshika mkoba wa fedha.

Sasa naomba tuingie karakanani, maana huko ndiko kuliko na utamu wa habari hii.

Gari la kwanza la majaribio halikuundwa kwa vitu vipya. Wahandisi wa Maurice walinunua Jeep nyingine za mabaki ya jeshi, wakazifumua na kuzipima kipande kwa kipande. Fremu ya gari lao la kwanza ilikuwa ya Jeep. Ekseli zilikuwa za Jeep. Injini ilitoka katika gari dogo la Rover. Usukani waliuweka katikati, kama wa trekta, ili mkulima asijali kama nchi yake huendesha kushoto au kulia. Hata urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, inchi 80, ulikuwa urefu wa Jeep. Mtu akiingia leo katika gereji ya kando ya barabara mjini Meru akaona fremu ya gari moja, injini ya gari la pili na kiti cha gari la tatu, hucheka na kusema hiyo ni kazi ya jua kali. Basi na hiyo ya Solihull mwaka 1947 ilikuwa kazi ya jua kali, tofauti ikiwa kwamba huko jua halikuwa kali.

Tatizo lilikuja walipotaka kutoka katika gari moja hadi magari mengi. Fremu za Jeep zisingewatosha, na mitambo mikubwa ya kukandamizia chuma ili kutengeneza fremu mpya ilihitaji fedha na muda wasiokuwa nao. Ndipo mhandisi mmoja, Olaf Poppe, akaleta njia ya mkato. Badala ya kukandamiza, walikata mabamba ya chuma kuwa vipande virefu vya bapa, hata vile vilivyobaki katika kazi nyingine, wakavichomelea vinne vinne pembeni hadi vikawa boksi refu lenye uwazi ndani. Boksi la namna hiyo halipindiki kwa urahisi. Lakini chuma kikichomelewa hujikunja kwa joto, na fremu iliyojikunja ni hasara tupu. Kwa hiyo Poppe alibuni kiunzi kikubwa cha kuvishika vipande mahali pake hasa vikichomelewa, ili fremu ya leo iwe sawasawa na ya jana na ya kesho.

Bodi nayo ilikuwa na hadithi yake. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu na alumini ilikuwa nyingi, kutokana na viwanda vya ndege vilivyopungukiwa na kazi, walitumia bati la alumini iliyochanganywa na magnesi, liitwalo Birmabright. Walilikata na kulikunja kwa mistari iliyonyooka, maana mikunjo ya madaha ilihitaji mitambo ya gharama. Ile sura ya kisanduku ambayo watu huipenda hadi leo haikutokana na mapambo. Ilitokana na umaskini wa vifaa. Rangi ya kijani ya magari ya mwanzo ilikuwa rangi iliyobaki katika maghala ya jeshi. Hata hiyo bati isiyoshika kutu, ambayo imeyafanya magari hayo yaishi miaka sitini katika mvua za Mlima Kenya, ilichaguliwa kwa sababu ndiyo iliyokuwapo.

Mwezi Septemba 1947 wakurugenzi wa Rover waliidhinisha magari machache ya majaribio. Usukani wa katikati uliachwa. Tarehe 30 Aprili 1948 gari lilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam. Lilikuwa na mahali pa kufungia kapi na mkanda, ili mkulima aliyefika shambani aweze kuzima safari na kuitumia injini ile ile kuendesha msumeno au mashine ya kupukuchua nafaka. Kampuni ilidhani litauzwa kwa miaka miwili au mitatu, kisha mambo yakitengemaa lisahauliwe. Haikupita miaka mitatu likawa linauzwa kuliko magari mengine yote ya Rover.

Nimesimama mara nyingi katika karakana za mtaa wa Gakoromone mjini Meru na zile za mjini Embu, nikawatazama mafundi wakitia roho mpya katika magari hayo hayo. Kazi yao ya kawaida ni kuipa Land Rover kuukuu injini ya dizeli ya gari la Kijapani. Injini hiyo na giaboksi ya Land Rover havijuani. Matundu ya bolti ya huku hayalingani na ya kule. Fundi huchukua katoni, huupaka uso wa injini grisi chafu, akaikandamiza katoni juu yake hadi matundu yajichape. Hufanya vivyo hivyo kwa giaboksi. Kisha huzilaza katoni mbili juu ya bamba nene la chuma na kutoboa matundu ya aina zote mbili katika bamba moja. Bamba hilo ndilo litakaloziozesha injini na giaboksi. Shafti isipokaa katikati hasa, hata kwa unene wa kucha, beringi itakula na klachi itaungua kabla gari halijafika Chuka. Kwa hiyo hulipeleka bamba kwa mwenye mashine ya kukereza, wakalipima, wakalirudisha, wakalipima tena.

Springi nazo huzikata kutoka katika majani ya springi za lori. Huutia moto mwisho wa jani hadi uwe mwekundu kama pilipili iliyoiva, akaukunja kuwa jicho la kupitishia bolti, kisha akaupooza katika mafuta machafu ya injini. Ukipoozwa vibaya huvunjika kama kioo. Mpira wa kutia ndani ya jicho hilo hukatwa katika tairi la zamani. Gasketi hukatwa kwa karatasi ngumu, kwa kuigonga pole pole na nyundo ndogo pembeni mwa chuma hadi karatasi ijikate yenyewe. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayeweza kunieleza kwa nini chuma chekundu kikipoozwa ghafla huwa kigumu na chepesi kuvunjika amejibu swali la mtihani. Fundi huyu hulijibu kila wiki, na akikosea gari huanguka.

Hapo ndipo ninapowaomba walimu wenzangu tusiwe watu wa kusifu tu. Akili ya fundi wa Gakoromone haipungui ile ya watu wa Maurice Wilks. Nimeona bamba la kuunganishia ambalo Poppe mwenyewe angelipigia saluti. Lakini kazi ikiisha, katoni iliyotumiwa kupimia hutupwa jikoni kuwashia moto wa chai. Gari la pili likija, fundi huanza upya. Akiugua, mwanagenzi wake hubahatisha. Akifa, elimu yote aliyokuwa nayo huzikwa pamoja naye. Maurice alikuwa amejifunza Marekani kwamba gari moja si kitu. Kilichoitofautisha Solihull na Gakoromone ni mchoro wenye vipimo na kile kiunzi cha kuvishika vipande, basi. Mtaji pia, nakubali, na kaka mwenye mkoba. Lakini mtaji pasipo mchoro nao tumeuona. Mwaka 1986 serikali yetu iliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwezi Februari 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa Kasarani kwa shangwe kubwa. Wahandisi walifanya kazi ya kujivunia. Ila hatua ya kutoka katika magari machache hadi magari mengi haikufika, fedha zikakosekana, na mradi ukafa.

Kubahatisha kuna gharama isiyohesabika kwa shilingi. Anayeijua barabara ya Embu kwenda Meru anaujua mteremko wa daraja la Nithi, ambako mwezi Julai 2022 basi moja lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Simlaumu fundi yeyote kwa msiba huo. Nasema tu kwamba mahali kama hapo si mahali pa kujaribia mkono wa usukani uliochomelewa kwa macho. Kipuri cha bodi kinaweza kukosewa nacho kikachekwa. Kipuri cha breki hakina kicheko. Mafundi waaminifu wanalijua hili, na wapo wanaokataa kabisa kutengeneza vipuri vya breki na usukani, hata mteja akiongeza bei. Kukataa huko nako ni elimu, na hakuna mahali popote palipoandikwa.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliwaahidi watoto kazi za mikono. Useremala na ufundi ukafundishwa katika shule nyingi bila randa na bila tupa, kisha ukaondolewa. Mtaala wa Umilisi umeurudisha ufundi katika shule za sekondari za chini, na walimu wananiambia kwamba shida ni ile ile, vifaa hakuna. Mimi nasema vifaa vipo hatua mia mbili kutoka lango la shule. Mwalimu wa Embu au wa Meru na awapeleke wanafunzi kumi katika karakana iliyo jirani, kwa heshima na kwa ruhusa ya fundi, wakiwa na rula, kalipa na daftari. Kila mmoja achague kipuri kimoja, akichore kwa vipimo kamili, aandike kimetengenezwa kwa chuma gani, kimetiwa moto kiasi gani, kinavunjikia wapi. Jina la fundi liandikwe juu ya ukurasa, kwa maana hatutaki kumfanyia alivyofanyiwa Whittle. Nakala moja abaki nayo fundi mwenyewe. Katika miaka mitano karakana ile itakuwa na kitabu. Wapo watakaosema kwamba fundi atakataa kutoa siri inayomlisha. Wengine watakataa, na ni haki yao. Lakini nijuavyo mimi, fundi aliyewahi kusikilizwa na kijana mwenye daftari huongea hadi jua lituwe.

Nirudi kwa Maurice, maana sijamaliza, na kilichobaki si kitamu chote.

Gari lake lilifika kwetu haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilikuwa mikononi mwa mabwana shamba, wamisionari na serikali ya kikoloni. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, Land Rover ikawa gari la polisi na la jeshi katika wilaya za Embu na Meru, likipanda njia za matope hadi ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya kuwasaka wapiganaji. Wazee wetu waliofukuzwa katika mashamba yao na kukusanywa katika vijiji vya lazima waliusikia mlio wake kabla ya kuliona, na wapo ambao hadi kufa kwao mlio huo uliwatia baridi. Maurice hakuliunda kwa ajili hiyo. Alilitaka gari la shamba. Lakini aliyeunda kitu kinachoweza kufika popote hana uwezo wa kuchagua ni nani atakayefika nacho. Gari la aina hiyo hiyo lilikuja kubeba wajawazito hadi hospitali za Maua na Chogoria. Lilimbeba pia George Adamson katika maisha yake yote na simba, tangu siku za Elsa, aliyezikwa mwaka 1961 katika eneo ambalo sasa ni Mbuga ya Meru, hadi tarehe 20 Agosti 1989 huko Kora, mzee huyo alipoliendesha kuwaelekea majambazi wenye bunduki na kuuawa.

Maurice aliendelea kupanda ngazi. Alikuwa mkurugenzi wa ufundi, kisha mkurugenzi mkuu, na mwaka 1962, Spencer alipopumzika, akawa mwenyekiti wa kampuni. Mwaka 1950 watu wake walikuwa wameonyesha gari dogo lililoendeshwa kwa injini ya aina ya jeti, la kwanza la namna hiyo duniani, labda kwa kutaka kulipa deni la zamani. Gari hilo liliwekwa katika jumba la makumbusho. Walioweka riziki mezani ni wale waliokunja bati kwa mistari iliyonyooka.

Waliofanya kazi naye walimjua kama mtu mpole, mnyamavu, asiyependa kuonekana, na pengine ndiyo sababu jina lake halijulikani Maua. Alifariki ghafla huko Newborough, katika shamba lile lile la matope, tarehe 8 Septemba 1963, akiwa na umri wa miaka 59. Miezi mitatu baadaye bendera ya Kenya ilipandishwa, na Musa Mwariama akatoka katika misitu ya Meru na wapiganaji wake kuja kumwona Kenyatta. Land Rover za polisi zilibadilisha bendera, zikabaki na rangi yake.

Gari la mwisho la ukoo ule lilitoka Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya miaka 68 na magari zaidi ya milioni mbili. Lile la kwanza kabisa, lenye fremu ya Jeep na usukani katikati, halipo. Lilifumuliwa zamani na vipande vyake havikuhifadhiwa. Zimesalia picha chache tu, na vipimo vilivyoingizwa katika michoro ya magari yaliyofuata.